Barua ya wazi kwa wahitimu wanaotafuta kazi ya kwanza

Wanangu wapendwa,

Kwa zaidi ya miaka 30 nimekaa mara nyingi kwenye meza ya usaili kama mwajiri, na ndiyo maana naumia ninapowaona mkituma maombi kwa makumi, mkisubiri simu isiyolia, hadi mnaanza kuamini kwamba kazi zote zimekwisha kugawiwa watoto wa wakubwa. Upendeleo upo, nao ni dhuluma. Lakini ipo njia nyingine ya kupata kazi kupitia watu, iliyo halali kabisa, ambayo wengi wenu mnaikwepa kwa kudhani kuwa ni upendeleo uleule.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata habari za kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni kama asilimia 17 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walionana naye kwa vipindi, au kwa nadra sana. Sababu yake haina muujiza. Rafiki zenu wa karibu wamemaliza chuo pamoja nanyi, wanasoma matangazo mnayoyasoma na wanasikia fununu mnazozisikia, ilhali mtu mliyefahamiana naye juujuu anaishi kati ya watu wengine na anasikia yasiyowafikia. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, walikuta vivyo hivyo, kwamba watu wa kufahamiana kwa kiasi huwasaidia wengine kupata kazi kuliko wale wa karibu kabisa.

Kwa hiyo, wewe unayesema kwamba kwenu hakuna anayemjua mtu yeyote, kumbuka msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, mwalimu aliyesahihisha mradi wako, na wale waliokutangulia chuoni kwa miaka miwili au mitatu. Hawa wa mwisho nawathamini kuliko wote, kwa sababu mlango ulio mbele yako wao wameuvuka juzi tu na bado wanakumbuka ulivyofunguka.

Namna ya kuwaendea ndiyo inayowashinda wengi. Nilipata kupokea jumbe mbili katika juma moja. Wa kwanza ulisema: “Shikamoo mzee, nimemaliza chuo, naomba unikumbuke ikitokea nafasi yoyote.” Nilimhurumia aliyeuandika, lakini maneno “nafasi yoyote” hayakunionyesha nimpeleke kwa nani. Wa pili ulitoka kwa binti aliyewahi kunisikia nikizungumza darasani kwao. Alieleza kwamba amesomea uhasibu, kwamba anavutiwa na ukaguzi wa hesabu, na akaomba dakika 15 aniulize mkaguzi mpya hufanya nini hasa katika miezi yake ya mwanzo. Hakuomba kazi. Tulizungumza karibu saa nzima, akanionyesha ripoti aliyoiandika wakati wa mafunzo, na kabla ya kuagana akauliza: “Ni nani mwingine unayeona inafaa nizungumze naye?” Nikampa majina mawili. Mmoja wao alikuwa na nafasi ambayo bado haijatangazwa, na binti yule alifanya usaili pamoja na wengine, akaipata.

Mwelewe pia kilicho moyoni mwa anayeombwa. Mwajiri anaogopa kukosea, na mtu anayekutaja kwake anaweka jina lake rehani. Ndiyo maana ile ripoti ilinifaa kuliko sifa zozote ambazo binti angejipa. Msimwombe mtu ambaye hajawahi kuona kazi yenu awadhamini. Mwonyesheni kwanza, hata kama ni kitu kidogo mlichokifanya chuoni, naye ataamua mwenyewe. Asipojibu, mkumbusheni mara moja baada ya wiki moja au mbili, kisha mwacheni bila kinyongo, maana watu wana shughuli nyingi na kimya si dharau kila wakati. Na yeyote anayedai fedha ili awaunganishe na kazi, achaneni naye siku hiyohiyo.

Jambo ambalo karibu kila mmoja husahau ni kurudisha habari. Mtu akikupa ushauri, mwandikie uliutumiaje, hata kama haukuzaa kazi, kwa sababu asiyejua ulikofikia hana namna ya kukukumbuka nafasi nyingine inapojitokeza. Binti yule aliniandikia katika juma lake la kwanza kazini. Alishukuru, akaeleza meza aliyopewa na faili alizokabidhiwa, halafu akaongeza kwamba idara yao inatafuta mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kwamba kama namfahamu anayefaa nimwelekeze kwake. Nilimpa jina la kijana mmoja ambaye nilikuwa nimeonana naye mara moja tu.

Ni mimi mzee wenu, niwatakiaye heri.