Kwa Mado, kuhusu kesi ya yule kijana

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mado rafiki yangu, jambo sana.

Unaandika kwamba kijana wa Katuba aliyemkata baba yake mdogo kwa panga hadi kufa "ni mgonjwa tangu zamani, mtaa mzima unajua", na wewe avoka wake unataka kusimama na hilo mbele ya zuzi (hakimu). Ngoja kwanza. Ugonjwa peke yake haumtoi mtu Kasapa, gereza letu. Mwenye skizofrenia ya miaka kumi anaweza kuiba kuku siku ambayo akili yake imetulia kabisa. Mahakama inauliza juu ya saa ile ya tendo.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, iliyorekebisha kanuni ya adhabu ya 1940, inafuata kifungu cha 31 cha Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC): mtu hawajibiki kama kwa ugonjwa wa akili lilimpata moja kati ya matatu. Ama hakujua anachofanya (aliona mgomba, kumbe mtu), ama hakujua kwamba ni kosa, ama alijua lakini akashindwa kujizuia. Hiyo ya tatu ni ngumu: parke (waendesha mashitaka) itakuuliza kwa nini alisubiri mpaka mama atoke kwenda sokoni, na kwa nini panga lilikutwa limeoshwa. Chagua moja unayoweza kuionyesha.

Sasa makaratasi, maana huko ndiko kesi hizi zinakofia. Polisi wana saa 48 za kumshikilia. Hati ya parke ya kumweka ndani ni ya siku 5, zuzi anaongeza 15, halafu mwezi kwa mwezi. Huku nyuma kijana ameanza haloperidol, dawa ya kutuliza akili. Munganga (daktari) akija baada ya wiki sita anamkuta amenyolewa, anasalimia, anataja tarehe, anamlilia marehemu. Ataandika "hana dalili", na kwa siku hiyo atakuwa amesema kweli. Usicheleweshe dawa hata kidogo, hiyo ni dhambi. Ila muuguzi aandike kabla ya sindano ya kwanza, na saa pembeni: anasema nini, anaongea na nani asiyeonekana, amelala, amekula, ananuka lutuku (pombe kali ya kienyeji)? Damu ipimwe malaria. Ulizia kifafa pia, kwa sababu mtu akitoka kwenye degedege anaweza kupiga bila kujua anampiga nani. Kama alikunywa au alivuta bangi kwa hiari yake, ujue parke itaweka kila kitu juu ya pombe.

Mtafute mchungaji wa chumba cha maombi walikomfunga kijana kwa sababu ya ugonjwa wake. Ataona haya, lakini siku aliyofungwa na siku aliyofunguliwa ni ushahidi. Omba pia kadi yake kule Dr Joseph Guislain, hospitali ya wagonjwa wa akili: tarehe ya mwisho aliyochukua dawa inaweza kukusaidia kuliko hotuba yako yote.

Usimfanye munganga anayemtibu kuwa ndiye mtaalamu wa kesi. Kwenye kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, kule ICC mjini La Haye (The Hague), majaji walikataa utetezi wa ugonjwa wa akili mwezi wa pili 2021. Sababu mojawapo: wataalamu wa utetezi walichanganya kutibu na kuchunguza, wakaegemea mno maneno ya mshitakiwa mwenyewe bila kuyapima na ushahidi mwingine. Alipata miaka 25 jela. Kwa hiyo mtaalamu wako apewe dosie (faili) nzima, na mashahidi wa upande wa pili wakiwemo.

Na maswali ya kumpa mtaalamu, Mado! Ukiandika "je, ana wazimu?" utarudishiwa jina la ugonjwa, basi. Uliza: siku hiyo, saa hiyo, alielewa anachofanya? Alielewa kwamba kimekatazwa? Aliweza kujizuia? Unategemea nini kusema hivyo? Hilo la mwisho avoka wengi wanalisahau, na ndilo zuzi anatafuta, kwa sababu ripoti haimfungi, anaweza kuiacha.

Kaa na familia mapema. Akiachiliwa, nani atampokea, nani atanunua dawa? Wajane wa marehemu wanakaa lupango (ua) moja na mama yake kijana.

Nitumie nakala ya ombi lako kabla hujaliweka parke. Usalimie watoto.

Rafiki yako,
Kabwe