Rada haioni, inasikia mwangwi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vitu visivyojulikana vilivyonaswa na rada za manowari za Marekani nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira kidogo. Mwandishi anasema rada "iliona viumbe". Rada haioni kitu. Inatuma mawimbi, inangoja yarudi.

Nimekaa miaka 19 mbele ya kioo cha rada kwenye meli za mizigo, nyingi zikiwa zamu za saa sita usiku hadi saa kumi. Usiku mmoja doa lilitokea nyuma yetu, maili tano, likitufuata kwa mwendo wetu uleule. Nje giza totoro, hakuna taa hata moja. Nilimwita afisa wa zamu huku mdomo umenikauka. Akatazama, akaguna, akaamuru tugeuke digrii kumi kulia. Doa likatoweka. Kumbe lilikuwa meli iliyokuwa mbele yetu: mawimbi yaligonga bomba letu la moshi, yakaifikia meli hiyo, yakarudi kwa njia ileile, na kioo kikaichora upande wa bomba. Umbali ulikuwa sahihi; mahali ndipo palipokuwa uongo.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kisa cha manowari ya Marekani USS Princeton cha Novemba 2004, kwenye maji ya kusini mwa California, ni bomba la moshi. Rada ya manowari ile ni ya aina nyingine kabisa, haina hata antena ya kuzunguka kama yetu. Tena siku ile rubani wa ndege za kivita David Fravor na rubani mwenzake Alex Dietrich walikiona kitu kwa macho yao: cheupe, kirefu kama kidonge, hakina mabawa. Fravor alilieleza Bunge la Marekani Julai 2023 kwamba baada ya kuwapotea, rada ya Princeton ilikipata tena maili 60 mbali, haijafika dakika moja. Hilo siwezi kulieleza, na sioni aibu kulisema.

Ila tazameni kilichotolewa. Aprili 2020 Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilithibitisha video tatu za vitu visivyojulikana, zote za kamera za ndege. Video si kumbukumbu ya rada. Ripoti ya kijasusi ya Marekani ya Juni 2021 ilihesabu matukio 144 ya vitu kama hivyo, na 80 kati yake yalinaswa na zaidi ya kifaa kimoja, kama rada na kamera. Lililopata maelezo ya uhakika ni moja tu: puto kubwa lililokuwa linaishiwa hewa! Hayo 80 ndiyo ningependa mwandishi wenu ayachimbe, si viumbe.

Safari ijayo aulize hali ya hewa ilikuwaje, maana tabaka la hewa ya joto juu ya bahari hupinda mawimbi na kuleta madoa ya ajabu. Aulize pia kama meli ya pili ilikiona kitu kilekile, upande uleule, saa ileile. Sisi tulikuwa tukiulizana hivyo kwa redio kabla hata ya kumwamsha nahodha.

Baharia mstaafu