Barua kwa mwanangu: bandua kwanza

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Picha za besimenti, hicho chumba chenu cha chini ya ardhi, nimezipata. Wazee wa baraza nimewaonyesha, nikawaambia binti wa fundi ana nyumba yake Minneapolis.

Lakini unasema mbao za ukutani bado nzima, utapaka rangi tu, utandike zulia, mjukuu wangu ahamie huko kulala. Picha ya tatu, konani, kuna unga mweupe sakafuni. Hukuuona? Ile ni chumvi. Maji yanapita ukutani, yakikauka yanaiacha.

Sikwambii uvunje kila kitu. Bandua ubao wa kona ile utazame nyuma yake. Kukiwa kukavu, karabati. Kukiwa na kuvu, ng'oa zote mpaka zege. Sakafuni bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Kikitoa jasho chini, zulia lisahau. Na utoke nje uangalie mifereji ya paa inamwaga wapi. Mara nyingi maji huanzia hapo.

Vile vigae vya sakafuni vya inchi 9 kwa 9 msivivunje. Nyumba ya 1958, vya kipimo hicho mara nyingi vina asibesto, na vumbi lake ndilo baya kwa mapafu. Aje mtu wa kupima.

Utasema zege la huko si kuta za matumbawe za kwetu Mji wa Kale. Kweli. Yaliyotokea chumba chetu cha nyuma unayajua, siyarudii: chokaa niliyoibandua, saruji niliyopiga ikafungia unyevu ukutani, boriti zilivyooza. Usilolijua ni kwamba chumvi niliiona. Idi ilikuwa imekaribia, wageni waja, nikafunika. Kifua cha nduguyo kilianza mwaka ule. Daktari hakutaja ukuta, nami sikumuuliza.

Basi bandua, mwanangu. Wewe una haraka tangu utotoni, na hiyo umeitoa kwangu.

Na kile kidirisha hapiti mtu. Moto ukianza ngazini, mtoto atatokea wapi? Hata sheria za ujenzi za huko zinataka chumba cha kulala kiwe na dirisha la kutokea. Lipanuliwe kabla hajalala huko hata usiku mmoja.

Tangi limefika, pesa yako imetosha ila fundi wa bomba ndiye hajaonekana. Mamako anauliza kama ile mbaazi iliyokaushwa ilipita uwanja wa ndege.

Jumamosi ukibandua, nitumie picha ya nyuma ya ubao. Huku itakuwa usiku, lakini nitakuwa macho.

Babako