Hatujaipaka rangi: shiso nyekundu ndivyo ilivyo

Mteja wetu mmoja alirudi dukani na sufuria yake, mfuniko juu. "Kaka, haya majani mmeyapaka rangi." Alikuwa amechemsha shiso nyekundu, jani la kiungo la Kijapani, rangi yote imeingia kwenye maji, majani yamebaki kijani kama mchicha. Tukamwomba asimwage. Tulikamua ndimu humo humo, na yale maji yaliyofifia yakawaka mekundu kama komamanga.

Rangi ya shiso ni ya kundi moja na ile ya rozela: ikikutana na uchachu, inang'aa. Wajapani wanautumia ujanja huo kwenye achari yao ya umeboshi. Matunda ya ume, tunda dogo chachu la huko, hulazwa kwenye chumvi kwanza, kisha majani mekundu yaliyofikichwa kwa chumvi huongezwa, na uchachu wa tunda unafanya kazi ile ile ya ndimu yetu. Ukitaka sharubati, chemsha gramu 300 za majani kwa lita 1 ya maji, dakika 5 tu, chuja, tia sukari, ndimu mwishoni.

Shiso ya kijani ina mambo yake. Ni ukoo mmoja na mrehani na mnanaa, lakini harufu ina mdalasini kidogo na, kwa mbali, binzari nyembamba. Japani jani bichi hutandikwa chini ya samaki mbichi, au huchovywa upande mmoja kwenye uji wa unga na kukaangwa. Ukiliacha lichemke kwenye mchuzi, harufu imekwenda, na pesa yako pia. Jani kubwa la Kikorea, kkaennip, ni ndugu yake wa karibu na linafaa sana kufungia nyama choma, ila ladha ni nyingine. Ukiagiza, taja unataka lipi.

Sasa swali la kila siku: jani la shiso linatibu nini? Katika tiba ya asili ya Kichina jani hili, suye, hunywewa mafua yanapoanza na mwili una baridi, na tumbo likichafuka. Huko hulitia hata wanapopika kaa wa baharini. Sisi tunauza kiungo. Mjamzito, au aliye kwenye dozi, amuulize daktari kabla ya kulinywa kama dawa.

Walionunua miche wanalalamika inatoa maua mapema. Shiso huchanua mchana ukiwa mfupi, na huku kwetu mchana una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, kwake huo ni mfupi. Wakulima wa Toyohashi, Japani, huwasha taa usiku kuidanganya kuwa mchana ni mrefu. Wewe kata vishada vya maua vikiwa vichanga, vikaange, vitamu kweli. Ila mabua usimtupie ng'ombe: mmea huu una kemikali inayoharibu mapafu yake.