Si uchafu wako, shoga yangu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanaidi shoga yangu,

Tangu uliponipigia Alhamisi ukinong'ona ili wifi yako asisikie, sijatulia. Eti unajisafisha kwa sabuni na ndimu mpaka ndani, mara tatu kwa siku, na shombo bado inarudi! Niliumia. Huo si uchafu wako. Acha ndimu, acha na shabu. Kila ukisugua, unawafukuza walinzi wako mwenyewe.

Ukeni wanaishi bakteria waitwao laktobasili, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Wanatoa asidi ya laktiki, na uchachu huo ndio unaowazuia wenye madhara. Döderlein, daktari wa Ujerumani, alishawaeleza mwaka 1892. Wakipungua, wengine wanajaa, ndiyo hiyo vaginosisi ya bakteria. Naiona kila wiki kwenye hadubini: seli iliyo salama ina ukingo safi, ya mwenye tatizo imefunikwa na bakteria hadi ukingo hauonekani, kama chapati iliyoangukia mchangani. (Mtindi wenyewe usiuweke huko, tafadhali. Wa maziwa si hao.)

Siku hizi watafiti wanachukua ute kwa pamba na kusoma vinasaba vya bakteria waliomo, hata wasiokubali kuoteshwa maabara. Utafiti wa Marekani wa 2011, wa wanawake 396 wasio na dalili yoyote, ulikuta makundi 5. Kundi moja lina laktobasili wachache, na lilionekana zaidi kwa wanawake weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini. Ndiyo maana natamani sana kina mama wa hapa Moshi, wa Pasua na Kiboriloni, nao wasomwe, tusipimwe kwa kibaba cha wengine.

Sasa la mumeo. Umemeza dozi tatu, zote peke yako. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia, wa jozi 164 za wenzi. Mwanamke alipotibiwa peke yake, tatizo liliwarudia asilimia 63 ndani ya wiki 12. Mwanamume naye alipopewa vidonge na krimu kwa siku 7, liliwarudia wanawake asilimia 35. Najua sauti itakukauka mbele ya Baba Salma. Basi nenda naye kliniki, daktari ndiye aseme.

Na ukishika mimba, mwambie mkunga mapema, maana hali hii huambatana na kujifungua kabla ya wakati.

Nipigie Jumatano, wifi akiwa gulioni.

Wako,
Mama Neema