Ile treni ya Darjeeling siyo ya kuchezea

Mhariri, salamu. Nimesoma makala yenu ya utalii wa India, mkaiita treni ya Darjeeling, ule mji wa milimani, "kitreni cha kuchezea watoto", nikasema hii siwezi kuiacha ipite. Najua hata huko wanaiita hivyohivyo, jina limeshazoeleka, ila mimi nimeipanda na kwa nilichokiona pale mbele ya injini jina hilo linanikera.

Ndogo ni ndogo kweli. Upana wa reli ni milimita 610 tu, ukitanua miguu kidogo unakanyaga vyuma vyote viwili. Lakini walioijenga mwaka 1879 hadi 1881 hawakuwa wanacheza, treni kubwa haikunji kona kali kwahiyo ungelazimika kupasua milima, hii ndogo inajikunjia tu pembeni ya barabara, inatoka Siliguri kule bondeni mpaka kituo cha Ghum karibu na Darjeeling, mita 2,258 juu ya usawa wa bahari, na njia nzima hakuna handaki hata moja. Mlima ukizidi ukali inaenda mbele, inasimama, inapanda kinyumenyume, halafu mbele tena, yani kama herufi Z.

Mimi nilipanda ya mvuke, Darjeeling hadi Ghum na kurudi. Kabla haijaondoka nikazunguka mbele kupiga picha nikakuta jamaa wawili wamekaa kwenye bampa la injini, mbele kabisa, miguu inaning'inia. Nikadhani wamedandia! Kumbe ndo wako kazini, wanamwaga mchanga kwa mkono juu ya reli ili magurudumu yasiteleze, maana reli ile haina meno ya kushika magurudumu, ni chuma juu ya chuma, na ukungu asubuhi ile ulikuwa umelowesha kila kitu. Nyuma yao kuna mwingine yuko juu ya makaa ya mawe anayapasua kwa nyundo vipande vidogo vidogo, chini kuna mchochea moto, halafu dereva. Watu watano kuvutisha mabehewa machache ya watalii, na kwenye kipando injini inahema mpaka unaionea huruma.

Safari yenyewe nisiwachoshe. Inapita jirani na milango ya maduka, honi haipumziki, na masizi yanaingia dirishani (shati jeupe acheni hotelini jamani). Pale Batasia reli inazunguka duara zima ikajipita yenyewe kwa chini ili kupunguza mteremko, katikati kuna bustani na mnara wa kumbukumbu ya askari wa Gurkha (wale wenye asili ya Nepal), na siku ikiwa safi unauona mlima Kanchenjunga. Siku yangu haikuwa safi, niliona mawingu.

Niliporudi nikawatafuta wale wa mchanga. Viganja vimepauka, nyusi zimejaa unga wa makaa, mmoja akacheka akanionyesha kwa ishara nikae pale mbele nijaribu. Sikuthubutu.

UNESCO wameiweka reli ile kwenye urithi wa dunia tangu 1999 na nyie picha mliyoweka ni ya mtalii anapunga mkono dirishani. Mkiandika tena wekeni ya wale wawili wa kwenye bampa, halafu muone kama hilo neno la kuchezea litakaa hapo chini yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi