Barua kwa mwanangu: mchuzi nitauweka pembeni

Mwanangu mpenzi,

Ulipokonda ukiwa kidato cha pili, shangazi yako alisema unawaiga wasichana wa kwenye simu. Nami nikaamini. Likizo ile nilikukalisha mbele ya wali na maharage, nikakwambia hunyanyuki mpaka umalize. Ulilia bila sauti, nikadhani ni ukaidi. Nisamehe, mama.

Nilisahau ya nyuma. Ukiwa na miaka mitatu ulikuwa ukitema bamia kwa sababu ya ule utelezi. Dagaa wakikaangwa, unatoka nje hadi harufu iishe. Wali ulikula mkavu, kwenye bakuli lile lile la bluu, na siku lilipopasuka ulishinda na njaa hadi magharibi. Majirani waliita hiyo deko. Usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu ahisi na aelewe mambo kivingine, hakuutaja mtu, maana ulikuwa unaongea vizuri na darasani unafaulu, na sisi tulidhani usonji ni wa watoto wa kiume wasiosema.

Kisha bweni. Makelele ya bwalo, sahani za bati, harufu ya maharage kila siku iendayo kwa Mungu. Ukaanza kuhesabu vijiko: kumi, halafu nane, halafu vitano, na hesabu ikageuka amri usiyoweza kuivunja.

Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza, "Anaogopa kunenepa, au chakula chenyewe kinamtesa?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kukuuliza. Tangu hapo nasoma. Kule Sweden, daktari wa akili wa watoto Christopher Gillberg aliandika tangu miaka ya 1980 kwamba anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda mno, na usonji huenda vina undugu. London, mwanasaikolojia Kate Tchanturia na wenzake wamewapima wanawake wanaotibiwa anoreksia, na tafiti za aina hiyo hukuta dalili nyingi za usonji kwa asilimia 20 hadi 30 hivi ya wagonjwa hao. Njaa ya muda mrefu nayo humfanya mtu ajitenge na ashikilie ratiba kama mwenye usonji, ndiyo maana daktari aliniuliza sana habari za utoto wako. Na tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua pia ugonjwa wa kukwepa chakula usiotokana na hofu ya unene.

Kilichoniliza ni hiki: wapo wenye usonji wasioisikia njaa mpaka mikono itetemeke. Uliponiambia "Mama, sisikii njaa," ulikuwa unasema kweli tupu, nami nikakuita mwongo.

Ukija likizo, wali utakuwa mkavu na mchuzi nitauweka pembeni kwenye bakuli lake. Redio nitaizima. Dagaa tutakaangia kwa jirani. Saa saba nitakukumbusha kula hata kama huisikii njaa, kama mlivyokubaliana na mtaalamu wa lishe. Na shangazi yako nimeshamwambia asikuulize habari za uzito.

Mama yako